Heko kwa Wataalamu wa Fiziotherapia

Kijana anayeomba chuo cha afya huuwaza udaktari kwanza. Fiziotherapia huiandika mwisho, kwa kuwa ameambiwa ni kazi ya kukanda tu. Si kweli hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana maradhi au majeraha yanayohitaji utengamao, ambao fiziotherapia ni sehemu yake. Mtazame mtaalamu akimfundisha mgonjwa wa kiharusi kuinuka kitini: visigino avivute nyuma, kifua akiinamishe mbele, uzito auhamishie miguuni, kisha arudie, na kesho tena. Hapo pana anatomia, fiziolojia na subira kubwa. Wapo wanaosema ajira ni chache, na wana hoja. Lakini wagonjwa si wachache, na chuo cha KCMC kule Moshi, kinachofundisha fani hii hadi shahada, kinastahili waombaji walioichagua kwa moyo.