Injini ya 1NZ kwenye mwinuko wa Bukavu

Vitz za lita 1.5, Ist, Platz na Probox zinazopanda kila siku mjini Bukavu kutoka mtaa wa Essence kwenda Panzi, au kutoka Nyawera kwenda Kadutu, nyingi zina injini moja: 1NZ-FE ya Toyota. Zilitumika kwanza Japani, zikaletwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, ndiyo maana usukani wake uko kulia katika nchi ambayo magari pia hupita kulia. Injini hii husifiwa sana, na sifa hizo inazistahili. Lakini namba za kitabu chake cha ufundi ni za usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Bukavu yote imejengwa kuanzia hapo kwenda juu. Fundi anayezichukua namba hizo kama zilivyo atakosea, na kosa hilo laweza kumgharimu mwenye gari injini nzima.

Tuanze na ilivyoundwa. Familia ya NZ ilitokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndugu yake, 1NZ-FXE, ndiyo iliyowekwa kwenye Prius ya kwanza Desemba 1997. Ujazo wa 1NZ-FE ni sentimita za ujazo 1,497, silinda nne, valvu 16. Kipenyo cha silinda ni milimita 75 na mwendo wa pistoni milimita 84.7, umbo linalofaa gari la kupanda mlima likiwa na mzigo. Krankshafti haikuwekwa chini ya katikati ya silinda kabisa. Ilisogezwa kando milimita 12, ili mlipuko unapoishusha pistoni isibanwe mno ukutani. Msuguano unapungua na petroli inaokolewa. Bloku ni ya alumini yenye kuta nyembamba za chuma ndani ya silinda, na hapo ndipo wepesi wake ulipopatikana. Ndipo ulipo udhaifu wake pia: haikukusudiwa kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kama mafundi wetu walivyozoea kwa injini za zamani za chuma kitupu.

Kitabu kinaipa karibu nguvu farasi 109. Bukavu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo zinabaki karibu farasi 92. Injini haijaugua, imekosa hewa. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ingemwaga petroli nyingi mno huku juu na kutoa moshi mweusi. 1NZ haina tatizo hilo, kwa sababu kihisi chenye waya wa moto hupima uzito wa hewa inayoingia, na kompyuta hupunguza petroli yenyewe. Sharti lake ni waya huo kubaki safi. Kati ya Juni na Agosti, vumbi la kiangazi linapotanda, chujio la hewa lililochoka au lisilokaa sawasawa huuchafua, nayo gari huanza kula petroli bila sababu inayoonekana. Nguvu ya kuvuta hufikia kilele kwenye mizunguko 4,200 kwa dakika, basi mlimani shusha gia na uiache injini izunguke. Kuikandamiza kwenye mizunguko 1,500 huku abiria watano wamekaa ndani ni kuichosha bure.

Joto ndilo linaloua injini hizi kuliko kitu kingine. Maji yaliyo wazi huchemka Bukavu kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Feni ya umeme nayo huwaka maji yanapokaribia joto hilohilo. Kinachozuia balaa ni kifuniko cha radiatere. Springi yake huyabana maji hadi karibu kilopaskali 108 juu ya kanieneo ya nje, na kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzi 119. Mpira wa kifuniko ukikauka au springi ikilegea, ulinzi wote huo hutoweka, na maji huchemka kabla feni haijapata nafasi ya kufanya kazi. Pwani gari lenye kifuniko kibovu lina nyuzi tano za ziada za kujinusuru. Huku halina hata moja. Ndiyo maana huwa naumia ninapoona gari linabadilishiwa pampu ya maji na radiatere huku kifuniko kikongwe kikirudishwa palepale.

Kung'oa themostati ni kosa la pili. Hufungua kwa nyuzi 80 hadi 84, na ikishatolewa injini hukaa baridi kwa muda mrefu asubuhi zetu za ubaridi. Kompyuta hudhani bado inapasha moto na huongeza petroli; petroli hiyo huosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Mchana, gari likikwama kwenye msongamano wa Essence, joto hupanda vilevile, kwa kuwa tatizo la feni au kifuniko halikuguswa. Maji matupu ya bomba nayo hula alumini. Weka maji ya radiatere yenye dawa ya kuzuia kutu.

Oili ni lita 3.7 tu pamoja na chujio. Kiasi hicho kidogo hulainisha, huendesha mfumo wa VVT-i wa kurekebisha muda wa valvu na, jambo linalosahaulika, hubana mnyororo wa muda, kwani kikazio chake husukumwa na oili. Hakuna mkanda wa kubadilisha, na watu hulichukulia hilo kama ruhusa ya kutojali. Sauti ya kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi ni mnyororo unaosubiri oili. Kwa teksi inayounguruma saa nzima katika foleni, kilomita 5,000 ndiyo mwisho wa kubadilisha oili, tena kwa oili nyepesi ya 5W-30. Injini iliyozeeka huanza kuichoma, hivyo kijiti kichomolewe kila wiki.

Petroli ya vidumu vya barabarani huleta maji na mchanga, na chujio liko ndani ya tangi mahali pasipoonekana. Kwa upande wa oktani hewa nyepesi inatusaidia: mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, na injini hugonga kwa nadra kuliko pwani.

Injini ikishachemka na kichwa kupinda, wengi hununua nyingine iliyotumika. Kabla ya kulipa, pima kompresheni injini ikiwa ya moto, bujia zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kitabu kinasema kilopaskali 1,471, yaani bar 14.7, na kiwango cha chini 1,079. Bukavu injini nzima kabisa itasoma karibu 1,240, kwa sababu silinda ilivuta hewa nyepesi tangu mwanzo. Mashine nzuri zimekataliwa kwa namba hiyo. La kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kilopaskali 98, maana mwinuko hupunguza zote nne kwa kiasi kilekile. Silinda moja ikisoma 1,000 na zenzake tatu 1,240, iache hiyo injini, hata kama muuzaji anaapa kwamba imeshushwa kutoka kwenye kontena jana.