Sira Inayokoma Kabla ya Riwaya

Mwenye kutaka kuwasimulia watoto sira ya mwandishi hukabiliwa na taabu isiyokwepeka, nayo ni kwamba kazi ya kuandika haichoreki, maana mtu aliyeketi mezani na kalamu yake ni yule yule ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. William Miller, katika Zora Hurston and the Chinaberry Tree, kitabu cha picha cha mwaka 1994 juu ya Zora Neale Hurston, Mmarekani mweusi aliyetunga Their Eyes Were Watching God, ameiepuka taabu hiyo kwa njia ambayo msomaji huidhania kwanza kuwa ni upungufu: ameuacha utu uzima wote, akakomea utotoni, alipofariki mamake.

Kifo hicho kilitokea mwaka 1904 huko Eatonville, Florida, mji uliotawaliwa na watu weusi wenyewe tangu 1887. Katikati ya hadithi umesimikwa mti mmoja, wa ukoo wa mwarobaini wetu, ambao mama humfundisha bintiye kuukwea tawi baada ya tawi, na kila akweapo huona mbali zaidi, ilhali baba, aliyekuwa mhubiri, humtaka avae gauni na kushika Biblia. Ikhtilafu ya wazazi, ambayo kwa maneno matupu ingemchosha mtoto, imegeuzwa kuwa jambo la juu na chini, na wachoraji, Cornelius Van Wright na Ying-Hwa Hu, wakapata cha kuchora.

Fauka ya hayo, mti unamwokoa Miller na hesabu ya miaka. Hurston, aliyezaliwa 1891, alijipunguzia miaka kumi mnamo 1917 ili apokewe shuleni, na katika tawasifu yake ya 1942 adai alifiwa akiwa na umri wa miaka tisa, hali alikuwa na kumi na mitatu. Ni kheri kuitundika sira matawini kuliko kwenye tarehe za namna hiyo.

Gharama ipo, wala si ndogo. Ngano azisikilizazo Zora kwa watu wa mji, ambazo mama, kitandani mwake, amwachia kama wasia, ndizo zilizokuja kujaza kitabu chake Mules and Men mwaka 1935, lakini hadithi hailifikishi jambo hilo kwa mtoto, wala kaburi la Hurston lililokaa bila jiwe mpaka mwandishi Alice Walker alipoliwekea mwaka 1973. Alicia D. Williams, katika kitabu chake Jump at the Sun cha 2021, humfuata Zora hadi chuoni na safari za kukusanya ngano, naye hutimiza mengi zaidi. Ila kwa mtoto wa miaka sita ningechagua cha Miller, na mzazi amalizie kwa mdomo.