Taswira ya Mwandishi kwa Umma na Upokezi wa Riwaya za Mwisho za Terry Pratchett

Desemba 2007, Terry Pratchett, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kifantasia za Discworld, alitangaza kwamba ana aina ya ugonjwa wa Alzheimer. Hadi hapo umma ulimjua kama mcheshi wa kofia nyeusi. Tangu hapo alikuwa pia mgonjwa jasiri, aliyetetea hadharani haki ya mgonjwa kuchagua namna ya kufa. Taswira hiyo mpya iliingia katika usomaji. Ilipotoka Raising Steam (2013), wapo wasomaji walioziona hotuba ndefu za wahusika, hususani za Vetinari, ambaye awali alisifika kwa kauli fupi, kuwa dalili za ugonjwa. Kitabu kikageuka cheti cha daktari.

Huruma hiyo ni ya kiutu, ila si kigezo cha uhakiki. Pratchett aliposhindwa kupiga chapa alitunga kwa imla, akimtamkia msaidizi wake au programu ya kompyuta. Utungo wa mdomo una desturi zake: takriri, kauli ndefu, wahusika wanaojieleza. Mhakiki aliyezoea fasihi simulizi angeanza na suala hilo la mtindo kabla ya kumpima mtunzi afya. Huenda bado angeiona Raising Steam kuwa dhaifu, na hotuba zake kweli zinachosha. Lakini Snuff (2011), iliyotungwa chini ya maradhi yaleyale, inalijenga suala la utumwa wa magoblini kwa hasira iliyodhibitiwa vyema, na msomaji anayetafuta dalili tu hupita bila kuiona.