Tairi Halipimwi Peke Yake

Gari la mizigo linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, lenye kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, hutembea kwa matairi 22: 2 ya usukani, 8 ya difu na 12 ya tela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye difu mbili na 24 kwenye ekseli tatu za tela. Ukigawanya, tairi la mbele laweza kubebeshwa tani 4, la difu tani 2 na robo, la tela tani 2. Mpira na nyaya zake ni chombo tu. Sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na upepo. Dereva na utingo wanaoijua kazi hulizunguka gari kwanza, injini baadaye.

Hulizunguka alfajiri, na saa hiyo ina sababu. Tairi lililolala usiku kucha limepoa, na kipimo chake ni cha kweli. Tuseme limejazwa psi 120 kukiwa na nyuzi 25. Mchana, baada ya kukimbia na mzigo hadi Mikumi, ndani yake mkishafika nyuzi 65, geji itasoma karibu 138 ilhali hakuna aliyeongeza kitu. Mtengeneza tairi aliihesabu ziada hiyo tangu mwanzo. Mgeni wa kazi huiona akaogopa, akabonyeza valvu mpaka geji irudi 120. Kesho yake alfajiri tairi hilohilo litasoma 104, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha. Kwa kuogopa joto, ameliongeza. Fundi husoma 138, akatazama kama wenzake nao wamepanda hivyohivyo, akaendelea na safari. Namstahi zaidi kwa lile aliloacha kulifanya.

Mzunguko wenyewe una utaratibu. Huanzia tairi la usukani la upande mmoja, hufuata ubavu wa gari hadi mwisho wa tela, hurudi kwa ubavu wa pili, na kila siku njia ni ileile ili pasiwe na tairi la kurukwa. Mkononi utingo ana kipande cha nondo. Tairi lililoshiba huirudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililolegea huimeza kwa kishindo kizito. Hata hivyo, utingo mzuri halitegemei sikio kupita uwezo wake. Sikio humtambulisha tairi lililokwisha upepo. Kati ya 120 na 95 halina uhakika. Hapo ndipo geji inapotoka mfukoni.

Shughuli kubwa iko kwenye matairi pacha. Valvu ya tairi la ndani huifikia kwa kupenyeza mkono kwenye tundu la rimu ya nje, penye vumbi na tope, na wavivu wengi huishia kwenye la nje. Kumbe la ndani halionekani likilegea, kwa sababu mwenzake amelisimamisha. Moja likiwa na 120 na la pili 90, lililoshiba hubeba fungu lake na sehemu ya fungu la mwenzake, na lililolegea, lenye kimo kifupi, huburuzwa kwa kuwa yote mawili yamefungwa kwenye kitovu kimoja. Kwa hiyo utingo hatafuti namba nzuri tu. Anatafuta namba zinazopatana: pacha kwa pacha, kushoto kwa kulia, leo kwa jana. Akimaliza kupima hupaka mate kwenye tundu la valvu. Povu likitokea, kisindano cha ndani kinavuja. Lisipotokea, hurudisha kifuniko na kukikaza, maana vumbi la barabarani likiingia ndilo litakaloanza kuvujisha.

Jaribio la pili la subira, baada ya lile la geji kusoma 138, huja pale tairi linapokutwa limeshuka sana. Lililostahili 120 likisoma chini ya 96, yaani limepoteza zaidi ya asilimia 20, na limetembea na mzigo katika hali hiyo, halijazwi palepale. Nyaya za chuma za ubavuni huenda zimekunjwa mpaka zikachoka. Ukilijaza, zinaweza kukatika moja baada ya nyingine kwa mstari, kama zipu inayofunguka, na mlipuko wake unaua. Fundi hulivua, hulikagua ndani na nje, na likifaa hulijaza likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, yeye akiwa amesimama pembeni, kamwe si mbele ya ubavu wa tairi.

Vilevile macho hayakai bure. Kashata zilizolika pembeni zote mbili zinasema upepo umekuwa mdogo kwa muda mrefu; zilizolika katikati, umezidi. Mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati unaashiria nati iliyolegea. Jiwe lililobanwa kati ya pacha hutolewa kabla halijala ubavu.

Magari mapya yana vihisio vinavyomwonyesha dereva upepo wa kila tairi akiwa kwenye kiti, na ni msaada mkubwa. Vihisio hutoa namba; kujua kama ni valvu, msumari, breki inayong'ang'ania au ubaridi wa asubuhi ya Mafinga bado ni kazi ya mtu aliyeinama karibu na gurudumu. Utingo aliyefundwa vizuri hamwambii dereva wake, "Bosi, tairi limepungua," akaishia hapo. Husema ni lipi, limepungua kiasi gani kuliko mwenzake, na tangu lini.