Silikanti hana bega lako

Ukikaa Tanga wiki moja tu, lazima utasikia habari za silikanti, na mara nyingi zitakuja kwa sura hii: ni samaki mwenye miguu, ndiye aliyetoka baharini akawa sisi, tazama mapezi yake halafu tazama mkono wako. Ni hadithi tamu. Mimi mwenyewe nimewasimulia wanafunzi mara nyingi, tena kwa mbwembwe. Leo nataka kuihakiki, kwa sababu kila nikiirudia huku kitabu cha anatomia kiko wazi pembeni, inaanguka palepale inapojidai kuwa na nguvu: kwenye bega.

Kwanza tuipe haki yake, maana haikutoka hewani. Samaki tunaowazoea sokoni, kama changu na tasi, mapezi yao ya ubavuni hushikwa na vijifupa kadhaa vilivyopangwa bega kwa bega. Pezi la silikanti ni tofauti. Limekaa juu ya shina lenye nyama na mifupa, na shina hilo limeungana na mwili kwa mfupa mmoja tu. Mkono wako nao umeungana na bega kwa mfupa mmoja tu. Kufanana huko ni kwa kweli, na ni urithi wa babu mmoja wa sisi sote aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Kosa linaingia tunaporuka kutoka "tuna babu mmoja" hadi "huyu ndiye babu". Silikanti anayenaswa Kigombe leo amepitia miaka ileile milioni 400 tuliyopitia sisi, ila kwa njia yake. Ni binamu wa mbali. Na ukimkagua maungio yake, ubinamu huo unaonekana wazi.

Shika bega lako. Juu ya mfupa wa mkono kuna kichwa cha mviringo, nacho kinakaa kwenye kisahani kilichomo kwenye fupa la bega. Kwa silikanti mambo ni kinyume: sehemu ya mviringo iko upande wa mwili, na kikombe kiko kwenye mfupa wa pezi. Yaani mchi na kinu vimebadilishana nafasi! Kisha teremka chini. Mkono wako una mfupa mmoja, halafu miwili baada ya kiwiko, halafu vijifupa vya kifundo, halafu vidole. Pezi la silikanti linaendelea na mfupa mmoja baada ya mwingine kwa mstari, na matawi madogo pembeni. Hana kiwiko kama chako, hana vidole.

Na hiyo "miguu"? Sifa hii ina historia. J.L.B. Smith, mwanasayansi wa Afrika Kusini aliyemtambulisha silikanti kwa ulimwengu baada ya yule aliyenaswa mwaka 1938, alitoa kitabu mwaka 1956 na katika jina lake akamwita Mzee wa Miguu Minne. Jina likashika. Lakini mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walizama kwa chombo huko Komoro wakawapiga picha silikanti wakiwa hai kwao. Walielea, waliogelea, hata walisimama kichwa chini. Kutembea sakafuni, hapana. Walichokiona ni kitu kizuri zaidi: pezi la mbele la kulia huenda pamoja na la nyuma la kushoto, kisha hubadilishana, kama unavyorusha mikono ukitembea.

Kama unamtafuta samaki wa ukoo wa karibu zaidi, nenda Ziwa Victoria ukamuulizie kamongo. Mwaka 2013, jenomu ya silikanti iliposomwa, ilithibitika kwamba kamongo na jamaa zake ndio walio karibu zaidi nasi. Na mwaka 2011 watafiti wa Chicago walishaonyesha kwamba kamongo wa Kiafrika anaweza kujisukuma sakafuni kwa mapezi yake ya nyuma, moja baada ya jingine. Samahani, watu wa Tanga.

Sasa kwa nini nawasumbua na hili? Kwa sababu hadithi ya silikanti inatufanya tutazame pezi na kusahau kiungo chenyewe tunachodai kukieleza. Linganisha bega na nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama kwenye kikombe kirefu, kama mchi kwenye kinu. Bega ni kama limau juu ya kisahani cha kahawa: kisahani kinagusa robo hadi theluthi tu ya kichwa cha mfupa. Kinachozuia limau lisidondoke ni ukingo wa gegedu, kano, na misuli minne inayokizunguka kiungo.

Jaribu hapohapo ulipo. Inua mkono kutoka ubavuni hadi juu ya kichwa huku mwenzako amekushika fupa la bega. Atalisikia likizunguka. Katika nyuzi 180 za safari hiyo, takriban 120 ni za kiungo chenyewe na 60 ni za fupa la bega, ambalo limeshikwa na mifupa mingine kupitia mtulinga peke yake.

Uhuru huo una bei yake. Kati ya viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka mara nyingi zaidi. Mvuvi anayevuta jarife na mkata mkonge wanaujua uchungu wa bega kuliko mimi, na jibu la "ni urithi wa silikanti" haliwasaidii kitu. Kisahani kifupi na misuli minne iliyochoka, hayo angalau yanawaeleza kinachouma na kwa nini.

Kuna ninaowasikia wakisema, ukiivunja hadithi hii utamvunjia silikanti heshima, na hifadhi yake je? Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009 kutoka kaskazini mwa mlango wa Mto Pangani, haihitaji uongo. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba samaki huyu anaweza kufika karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua miaka mitano hivi. Jike mmoja akinaswa kwenye jarife, hasara yake hairudi upesi.

Basi ukimpeleka mgeni au mwanafunzi kumtazama, mwambie ukweli: huyu ni binamu yetu, bega lake limegeuzwa, na amekuwa akiogelea kwa namna yake muda wote huu. Halafu mwambie ainue mkono.