Nyabera Angeenda Wapi Leo?

Ukiulizwa mtihanini mgogoro mkuu katika The River and the Source ni upi, jibu la kupata alama unalijua: mila dhidi ya usasa. Mila inashindwa, Ukristo unaingia na shule na hospitali, geuza ukurasa. Sisi tuliosoma riwaya hiyo ya Margaret Ogola kama kitabu teule tulitoka darasani na jibu hilo kichwani, na siku hizi nalisikia likirudi kinyumenyume kila watu wa Kisumu wanapojadili mbona vijana hawaonekani kanisani. Zamani utamaduni ulibadilika, kanisa likajaa. Sasa utamaduni umebadilika tena, kanisa linapungua. Wa kulaumiwa ni simu, TikTok, disko matanga na chuo kikuu. Wahubiri wanasema hivyo. Cha kuchekesha ni kwamba hata wale jamaa wa mtandaoni wanaojigamba hawaamini Mungu wanasema vivyo hivyo, ila wao wanafurahi.

Mimi naona jibu hilo lilikuwa na kasoro tangu darasani, na Ogola hakuandika hivyo. Hebu turudi kwa Nyabera.

Riwaya ilitoka 1994. Nyabera ni binti ya Akoko, mama aliyefunga safari hadi Kisumu kuishtaki kwa serikali ya mkoloni tamaa ya shemeji yake aliyenyakua kiti cha uchifu. Nyabera mwenyewe amezika watoto hadi akabaki na Awiti peke yake. Amezika mume. Akarithiwa na mwanamume ambaye hakumfaa kitu, akamwacha. Huyu ni mtu ambaye mila imemaliza maneno yote iliyokuwa nayo juu yake. Ndipo anaposikia habari za Mungu anayemjali mjane na yatima, akashika njia kwenda misheni ya Aluor. Haendi kwa sababu kuna mtu amemshinda kwa hoja. Haendi kwa sababu amechoka na mambo ya kizamani. Anaenda kwa sababu hana pa kukaa, na ameambiwa kule kuna mahali.

Hapo ndipo Ogola anapoeleza, bila kelele, jinsi kanisa linavyokua. Utamaduni ukibadilika kuna watu wanaoachwa nje, na walio nje hutafuta mlango. Anayefungua ndiye atakayepata waumini.

Shida yangu na kitabu ni kwamba kinaujua mlango mmoja tu. Nyabera anakuwa Maria, Akoko anakuwa Veronica, Awiti anakuwa Elizabeth, na kufikia kizazi cha mwisho familia ina mapadri wawili na Vera aliyejiunga na Opus Dei. Kila kosa zito linatoka upande wa mila, na majina yanabadilika bila mtu kuuma meno. Linganisha na Oginga Odinga katika Not Yet Uhuru (1967), anaposimulia alivyovutana na kanisa akitaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Ni ziwa lile lile, na ni kanisa lililokuwa likiwasomesha watu, lakini mlango ule ulikuwa na kizingiti, na Odinga alijikwaa.

Na hakuwa peke yake. Ufuo huu wa ziwa una historia ndefu ya watu kuhama makanisa. Wamishenari wa Kianglikana walifungua Maseno 1906, Waadventista wakafungua Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka huo huo. Muongo mmoja haukuisha kabla Johana Owalo, aliyekuwa amepitia misheni na hata Uislamu, hajaanzisha Nomiya, ambayo hutajwa kuwa kanisa la kwanza huru la Waafrika nchini Kenya. Jina lenyewe ni la Kijaluo, maana yake "nilipewa". Januari 1934 Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Roho, aliuawa Musanda pamoja na wafuasi wake katika ugomvi uliochanganya ardhi na dini. Mwaka 1957 padri wa Kianglikana Matthew Ajuoga alitoka na watu wake, wakajiita Johera, watu wa upendo. Fikiria jina hilo limewachoma vipi wale walioachwa nyuma.

Halafu ikaja Legio Maria. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo riwaya ambayo Ogola hakuiandika ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondetto, aliyekuwa katekisti Mkatoliki, na mwanamke kijana aitwaye Gaudencia Aoko waliwatoa makumi ya maelfu ya watu katika Kanisa Katoliki. Aoko alikuwa amefiwa na watoto. Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka Nyabera. Msiba ule ule ulimfikisha mmoja Aluor, na mwingine ukamtoa kanisani. Aoko aliombea wagonjwa, akatoa pepo, akabatiza, akaongoza ibada, mambo ambayo mwanamke Mkatoliki hakuruhusiwa kuyafanya. Na wakati Roma, baada ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, ilipokuwa ikiiacha misa ya Kilatini, ni Walegio waliobaki na Kilatini chao, pembeni mwa Kijaluo na ngoma. Basi nani hapo ni mila na nani ni usasa? Jibu la mtihani halina mahali pa kumweka mtu anayekuja Jumapili na kanzu ya rangi, miguu mitupu, akisali Kilatini.

Baadaye Legio nayo ikawaachia wanaume upadri, na Aoko akajitenga. Waanglikana wakafika Januari 2021 ndipo wakamweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Kenya. Kutoka Aoko hadi hapo ni miaka karibu 60. Wanawake wa pande hizi walingoja sana, na wengine hawakungoja.

David Barrett, mmishenari aliyefanya kazi Nyanza, alichapisha mwaka 1968 kitabu Schism and Renewal in Africa, akichunguza makundi ya kidini yapatayo 6,000 barani. Alitaja sababu nyingi, mojawapo Biblia kutafsiriwa katika lugha za watu, wakaisoma wenyewe na kuwapima nayo wamishenari. Lakini chini ya zote aliona upungufu wa upendo. Kwa mtu wa takwimu, hilo ni jibu la ajabu. Ni kama Johera walikuwa wamemwandikia hitimisho.

Ati vijana wameacha Mungu? Sensa haisemi hivyo. Mwaka 2009 Wakenya waliosema hawana dini walikuwa kama 922,000. Mwaka 2019 walikuwa kama 755,000, na nchi ilikuwa na watu wengi zaidi. Wakatoliki waliongezeka kutoka milioni 9 hadi milioni 9.7, lakini sehemu yao ya taifa ilishuka kutoka asilimia 23 hadi 20 na kitu. Kwa hiyo watu hawatoki kwenye dini, wanahama ndani yake. Tofauti ni kwamba walioondoka 1957 na 1963 waliondoka na bendera na ngoma. Wa siku hizi wanaondoka kimya, na kanisa linadhani wamelala.

Nina shangazi upande wa Homa Bay aliyefiwa na mume wakati ukimwi ulikuwa unamaliza watu ufuoni. Alikataa tero. Kwa hesabu za wazee, mjane asiyerithiwa hajengewi nyumba; ukijenga unaita chira, na nani anataka kuonekana na nyundo mkononi siku mtoto wa jirani akiugua? Waliokuja na mabati ni akina mama wa kanisa dogo la huko, ambalo sitalitaja. Walijenga kwa siku mbili, wakaimba, wakapika. Huwezi kumwambia shangazi kwamba kanisa ni biashara. Atakuonyesha paa.

Mwanawe, binamu yangu, alikua chini ya paa hilo, akaja Kisumu, akawa mwendeshaji wa bodaboda Kondele. Hakugombana na mtu yeyote wa kanisani. Aliacha tu kwenda. Alipokufa kwa ajali, kanisa lile lile liliuliza kama jina lake liko kwenye daftari na kama alikuwa ametoa. Hawakusema hapana, walisema watalijadili. Wenzake wa stage hawakuwa na la kujadili. Wana kitabu chao cha michango, na kila mmoja anajua atakapoanguka nani atapigiwa simu kwanza. Walilipa mochari, wakalipa gari, wakalisindikiza jeneza hadi nyumbani kwa pikipiki zisizohesabika, honi juu. Kelele ile wazee waliiita utovu wa adabu. Mimi nilikuwa nyuma ya pikipiki mojawapo, na niliona watu waliokuwa na mahali pa kumweka maiti wao.

Sidanganyi kwamba stage ni kanisa. Vijana wale wana mambo yao, na mengine si ya kusimulia. Lakini ukitaka kujua Nyabera wa leo anaelekea wapi, anzia kwenye vitabu vya michango.

Makanisa yanayokua mjini, yale ya kumbi za kukodi kwenye ghorofa za biashara, yanalielewa hili nusu. Mwanafunzi anafika Maseno kutoka Kitale au Kisii, hana mtu, na Jumapili ya kwanza mtu anachukua namba yake na Jumanne anampigia kweli. Si kinanda kinachomrudisha wiki ya pili, ni ile simu. Kasheshe huanza akimaliza chuo, kazi hakuna, na mahubiri ya mbegu na mavuno yanaanza kumhesabu kama mkulima mvivu.

Vijana walipolalamika wakati wa maandamano ya Juni 2024 kwamba makanisa yamegeuka majukwaa ya wanasiasa wenye mabunda ya noti, wengi walisikia uasi. Mimi nilisikia malalamiko ya waumini, maana asiyejali hasumbuki mimbari imekodishwa kwa nani. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole. Anyolo aliwahi kuwa askofu Homa Bay, kisha askofu mkuu wa Kisumu, na huku ziwani habari ile ilizungumzwa kama ya mtu wa nyumbani. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini kurudisha pesa ya mkubwa ni rahisi kuliko kumzika kijana ambaye hajatoa, na hilo la pili bado sijalisikia likitangazwa.

Ogola alikufa 2011, baada ya miaka ya kuhudumia watoto wenye virusi vya ukimwi katika kituo cha Cottolengo. Aliwajua walioachwa nje kuliko wahakiki wake wote, nami nikiwemo. Labda ndiyo maana mwisho wa riwaya unafanya jambo ambalo hatukulisemea darasani. Becky, mjukuu wa Nyabera, anakufa kwa ukimwi na kuacha watoto. Familia hiyo sasa ina padri, ina Vera wa Opus Dei, na Aluor ingali pale pale. Yatima hao hawapelekwi huko. Wanapokelewa na mjomba wao Aoro na mkewe Wandia, Mkikuyu, nyumbani kwao.