Zimwi Lisilo na Sauti

Mwaka 1977 kampuni ya Metagaming ya jimbo la Texas, katika Marekani, ilitoa mchezo mdogo wa watu wawili uliotungwa na Steve Jackson, ukiitwa Ogre. Jina hilo maana yake ni Zimwi, wala halihitaji kufasiriwa zaidi kwa watu waliolelewa kwa ngano. Ulikuwa mchezo wa karatasi tupu: ramani nyembamba, vipande vidogo vilivyochorwa zana za vita, na kijitabu cha sheria cha kutiwa mfukoni. Bei yake ilikuwa dola 2.95. Udogo huo umewafanya wengi waudhanie kuwa kitu cha kupotezea wakati. Lakini utungo haupimwi kwa ratili, na mchezo huu wastahili kusomwa kama isomwavyo hadithi.

Vita vyake vimewekwa katika mwaka 2085. Mchezaji mmoja ana kifaru kimoja tu, kikubwa kupita kiasi, kisicho na mtu ndani yake, nacho hujiongoza kwa akili ya mashine. Mwenziwe ana jeshi la watu: vikosi 20 vya askari wa miguu na zana 12, yaani vifaru, mizinga ya masafa marefu, na magari yaeleayo juu ya upepo. Zimwi huingia kutoka kusini, na jeshi hulinda kituo cha amri kilichoko kaskazini.

Uzuri wa utungo umo katika namna ya kufa. Kifaru cha kawaida kikipatwa sawasawa huondolewa ubaoni, na habari yake imekwisha. Zimwi halifi hivyo. Lina karatasi yake, na humo kila kiungo kimeandikwa. Zimwi la namna ya tatu lina mzinga mkuu mmoja, mizinga midogo minne, silaha nane za kuulia askari, makombora mawili, na sehemu 45 za minyororo liendeayo. Kila pigo lifaalo hufuta kitu kwa kalamu. Minyororo ikipungua 15, mwendo wa hatua tatu huwa wa mbili. Ikipungua 30, huwa wa hatua moja. Ikiisha yote, Zimwi husimama pale lilipo.

Hapo ndipo mlinzi aingiapo katika shauri gumu: apige mikono au miguu? Akiulenga mzinga, zana zake zaweza kuunganisha nguvu, na nguvu zikiwa maradufu ya kinga, bahati yake hutoka theluthi ikawa nusu. Akiilenga minyororo, muungano haumfai kitu: pigo huhesabiwa sawa kwa sawa, na dado lazima ionyeshe tano au sita. Kifaru kizito chenye nguvu nne hufuta sehemu nne kikibahatika, wala hakibahatiki ila mara moja katika tatu. Methali ya umoja na nguvu imepata mpaka wake hapa. Mwanagenzi aghalabu hupiga mizinga, kwa kuwa ndiyo imtishayo. Kisha huona Zimwi lililonyang'anywa kila silaha likizidi kutambaa, hata likakiponda kituo kwa uzito wake.

Mchezaji wa bao, aliyezoea mchezo usio na dado, yamkini ataiona bahati hiyo kuwa doa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mapigo ni mengi, na wingi huo huisawazisha bahati. Mwenye shauri bovu hashindi sana kwa dado. Doa dogo lipo katika magari yaeleayo, ambayo husogea, hupiga, kisha husogea tena mbali na adui. Jeshi lililojaa magari hayo huufanya mchezo kuwa wa kudonoa na kukimbia. Hilo lavumilika.

Lisilovumilika kwa wepesi ni jambo jingine. Jackson alichota katika hadithi za Keith Laumer za vifaru viitwavyo Bolo, zilizoanza kutoka mwaka 1960. Katika ile ya kwanza, kifaru chenyewe ndicho msimulizi: chakumbuka, chapima wajibu wake, chawa na uaminifu. Jackson ameikata sauti hiyo. Kwa mchezo alifanya vyema, maana mchezaji ndiye aliazimaye Zimwi akili yake. Lakini tokeo lake ni zito. Bolo la Laumer ni zimwi limjualo mtu. Hili halimjui yeyote, na hata hivyo ndilo pekee lenye historia. Majeraha yake yameandikwa moja moja, na mchezaji huweza kuyasoma mwishoni kama wasifu. Askari hawana karatasi. Zimwi lipitapo juu yao likiwa na silaha ya kuwaulia, kipande chenye tarakimu 3 hutolewa, kikawekwa chenye 2.

Toleo kubwa lililochangiwa fedha na wapenzi wa mchezo mwaka 2012, zaidi ya dola 900,000, lilikuwa na nafasi ya kutengeneza hilo. Mazimwi yalipewa miili ya karatasi ngumu, yakasimama wima juu ya ramani. Askari walibaki vipande bapa, na tarakimu zao.